Uliza Bi Mita: Tumebana maji, mbona bei inapanda?

Barua za mwezi huu zimekuja na jambo moja tu: bei ya maji. Nimechagua zile zenye hoja, nikaweka kando zile zenye matusi matupu, ingawa mbili kati ya hizo zilinichekesha. Kwa mgeni wa safu hii: nilifanya kazi katika shirika la maji la umma. Nilianza kwa kusoma mita, nikastaafu nikiwa kwenye meza inayopiga hesabu za bei. Kwa hiyo nimefokewa mlangoni na nimefokewa mkutanoni, tofauti ni kwamba mkutanoni hakuna mbwa.

Shikamoo Bi Mita. Wakati wa ukame shirika letu lilituomba tubane matumizi. Tukabana. Bustani ikakauka, watoto wakaoga kwa kopo, maji ya kufulia tukayamwaga chooni. Mvua zimerudi, bwawa limejaa, na sasa tunaambiwa bei inapanda kwa sababu "mauzo yameshuka". Mbona mawingu hayajapandisha bei? Hii si adhabu kwa waliotii?
*Mtiifu aliyechoka*

Marahaba mwanangu. Una haki ya kukasirika, na swali lako ni gumu kuliko linavyojibiwa kwenye matangazo.

Kwenye ankara yako, maji yenyewe ni sehemu ndogo. Unacholipia hasa ni kuletewa: bwawa, mtambo wa kusafishia, pampu, tangi la kilimani, bomba kuu, bomba la mtaa, fundi wa zamu ya usiku, mpimaji wa maabara, na mkopo uliojenga vyote hivyo. Karibu vyote vinadai fedha ile ile ukichota ndoo moja au ukichota mia. Basi la abiria likiondoka na watu kumi badala ya sitini, dereva hakatwi mshahara na mkopo wa basi haupungui. Kinachopungua ukibana maji ni umeme wa kusukumia na dawa za kusafishia, basi.

Umeme huo si kidogo, nisieleweke vibaya. Uniti moja ya maji, yaani lita 1,000, ina uzito wa tani moja. Kuinua tani moja mita 100 juu, ukijumlisha na nguvu inayopotelea kwenye pampu na mota, kunakula karibu uniti 0.4 ya umeme. Zidisha kwa mji mzima, usiku na mchana, utaona kwa nini umeme ukipanda bei shirika la maji ndilo la kwanza kukohoa. Hata hivyo, katika mashirika mengi gharama zisizopungua ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mzigo.

Tupige hesabu ya mfano, namba za mkononi tu. Shirika linahitaji 100 kwa mwezi. Kati ya hizo, 80 hazibadiliki, 20 zinafuata wingi wa maji. Wateja wakapunguza matumizi kwa asilimia 20. Gharama zinashuka hadi 96, lakini mapato yanashuka hadi 80. Pengo ni 16. Kuliziba, bei ya uniti lazima ipande kwa asilimia 20.

Sasa angalia nani anaumia. Wewe uliyebana kwa asilimia 20 utalipa asilimia 4 pungufu ya zamani. Faida ndogo mno kwa mtu aliyeua bustani yake, lakini hukupata hasara. Jirani asiyebana hata tone atalipa asilimia 20 zaidi, na hapo sina machozi. Anayeniumiza mimi ni yule bibi wa nyumba ya tatu ambaye tangu zamani alikuwa anatumia ndoo chache kwa siku. Hakuwa na cha kubana. Naye anapigwa asilimia 20 ile ile. Nimekaa kwenye meza hiyo ya hesabu, na kila mara ni bibi huyo anayesahauliwa, kwa sababu haandiki barua.

Swali kama lako liliulizwa huko Westminster, mji wa jimbo la Colorado, Marekani: mnatuomba tubane, halafu mnatupandishia, kulikoni? Watumishi wa maji wa mji ule, badala ya kutoa porojo, walikaa chini wakapiga hesabu ya kinyume. Je, watu wasingebana tangu 1980, leo tungekuwa wapi? Matokeo yaliyotoka 2013 yalionyesha kwamba bei zingekuwa karibu maradufu ya zilivyo, kwa sababu mji ungelazimika kununua haki za maji zaidi, kupanua mitambo na kukopa kwa ajili hiyo. Kwa hiyo kubana kunapandisha bei ya uniti mwaka huu, na kunakuepusha na mkopo wa bwawa jipya miaka ijayo. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na shirika linaloeleza moja tu linakuficha nusu ya habari.

Mfano mwingine ni Cape Town. Katika ukame wa 2015 hadi 2018 wakazi walipunguza matumizi hadi chini ya nusu, jambo ambalo ni wataalamu wachache tu waliodhani linawezekana. Julai 2018 jiji likaanzisha ada ya kudumu ya kila mwezi kwa kufuata ukubwa wa bomba la mteja. Makelele yaliyofuata unaweza kuyakisia, maana maneno yalikuwa kama haya yako.

Wewe umeita adhabu. Mimi naona kosa lilifanyika mapema zaidi, siku ile ya kuomba mbane. Siku hiyo hiyo mngeambiwa: mapato yatashuka, tutahitaji nyongeza ya muda, itaanza mwezi fulani na itakoma bwawa likifika kiwango fulani. Kunyamaza wakati wa ukame kisha kudai baada ya mvua ni kuwafanya watu wasibane tena ukame ujao. Hilo lipeleke mkutanoni kama lilivyo.

Bi Mita, nilisafiri miezi miwili, nyumba imefungwa, mita haikusogea. Nimerudi nakuta ankara mbili za ada. Ninalipia hewa?
*Msafiri*

Unalipia bomba lililokuwa limejaa maji likikusubiri. Ukubwa wa mitambo haupangwi kwa wastani wa matumizi. Unapangwa kwa ile saa ya asubuhi ambapo kila mtu anafungua bomba kwa pamoja, na kwa siku ile gari la zimamoto litakapofunga mpira mtaani kwako. Nafasi yako katika saa hiyo ilikuwepo hata ukiwa safarini.

Ila ada ya kudumu ikiwa kubwa mno nami naipinga. Inalipendeza shirika kwa sababu mapato hayayumbi, lakini anayetumia kidogo ndiye anayebebeshwa, tena hata akibana hapati nafuu yoyote. Ukiona ada inakaribia nusu ya ankara ya mtu wa kawaida, uliza kwa sauti.

Mimi ni fundi bomba, kwa hiyo usinizungushe. Naona bomba kuu linavuja barabarani wiki nzima, hakuna anayekuja. Naona waliojiunganishia kinyemela. Halafu mimi mwenye mita naongezewa. Ninalipia maji ya nani?
*Fundi*

Sikuzungushi, fundi. Unalipia ya kwako, na sehemu ya hayo uliyoyaona.

Mwaka 2006 wachambuzi wa Benki ya Dunia walikadiria kwamba katika nchi zinazoendelea zinavuja kama mita za ujazo milioni 45 kila siku, maji yanayoweza kutosha watu karibu milioni 200. Hayo ni ya kuvuja tu, bado yale yaliyofika kwa mtu bila kulipiwa. Wenye kazi yao huyaita yote kwa pamoja upotevu wa maji, na hapo ndipo ujanja unapoanza, maana ndani ya neno hilo kuna mambo mawili yasiyofanana.

Kuna maji yaliyoingia ardhini. Hayo yalishasafishwa, yalishasukumwa, yalishatiwa klorini. Yakipotea, shirika limepoteza gharama ya kuyatengeneza. Kisha kuna maji yaliyonyweka vizuri kabisa ila hayakuingia kwenye hesabu: wizi, msoma mita aliyekisia akiwa chini ya mwembe, na zaidi ya vyote mita zilizozeeka. Mita ya kuzunguka ikichakaa huwa haimwonei mteja, inampendelea: inazunguka polepole, na maji membamba yanapita bila kuhesabiwa. Hapo shirika limepoteza bei kamili ya kuuzia. Ndiyo maana kubadilisha mita za wateja wakubwa, viwanda na hoteli na hospitali, mara nyingi kunarudisha fedha haraka kuliko kuchimba barabara. Na ndiyo maana mtu akibadilishiwa mita ankara ikaruka, anaapa mita mpya imechezewa.

Wewe unaona bomba linalorusha maji juu. Hilo angalau linaonekana na mtu atapiga simu. Linalomaliza fedha ni lile dogo kwenye kiungo, chini ya udongo, linalotiririka miaka bila kulowesha hata viatu vya mtu. Kulipata kuna njia rahisi ambayo kila mteja angepaswa kuijua. Unapima maji yanayoingia mtaa mmoja kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala. Kama bomba la mtaa bado linapitisha maji mengi, hayo yanakwenda ardhini. Tena usiku presha hupanda kwa sababu hakuna anayechota, na tundu lile lile linamwaga zaidi kuliko mchana. Kushusha presha usiku kwa vali peke yake kunapunguza upotevu kabla hujashika sururu.

Tahadhari moja kuhusu asilimia. Shirika litakuja mkutanoni na kusema upotevu ni asilimia fulani. Wateja wakibana, kama yule Mtiifu, maji yanayouzwa yanapungua huku tundu likibaki lile lile, basi asilimia inapanda bila bomba hata moja kuharibika. Na kinyume chake: kiwanda kikubwa kikifunguliwa, asilimia inashuka bila bomba hata moja kuzibwa, na meneja anapongezwa. Dai namba ya lita zinazopotea kwa kila mteja kwa siku. Hiyo ni ngumu kuipaka rangi.

Kwamba upotevu unaweza kushushwa, mfano mzuri ni Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Mwaka 1993, nchi ikiwa ndiyo kwanza inatoka vitani, shirika la maji la mji lilikuwa halipati malipo ya asilimia 72 ya maji yake. Akateuliwa mkurugenzi, Ek Sonn Chan, mhandisi. Shirika lilipita nyumba kwa nyumba na kukuta maelfu wanaokunywa maji bila kuwa kwenye daftari lolote. Wakubwa ndio waliokuwa wakaidi zaidi. Ek Sonn Chan amesimulia hadharani jinsi jenerali mmoja alivyomwelekezea bastola kichwani alipokwenda kumfungia mita. Aliondoka, akarudi na watu wenye silaha, akamkatia. Mtu akipanga kunilalamikia kwamba kukata maji ya wakubwa hakuwezekani, aanze na kisa hicho. Kufikia mwishoni mwa muongo wa 2000, upotevu ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 6, mji ukipata maji saa 24.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi haisimuliwi sana. Shirika lile lilipanga kupandisha bei kwa hatua tatu ndani ya miaka saba. Hatua ya kwanza ilikuwa 1997, ya pili 2001. Ya tatu haikuwahi kutumika. Wateja walikuwa wamefungiwa mita, wanalipa, maji yaliyokuwa yakipotea yanauzwa, na mapato yakatosha. Kwa hiyo fundi, kupunguza upotevu hakukuondoa haja ya kupandisha bei. Bei ilipanda kwanza mara mbili, kisha kupunguza upotevu kukafuta nyongeza ya mwisho. Shirika lako likija na mpango wa bei usio na mpango wa upotevu pembeni yake, na tarehe, na namba, una sababu ya kuukataa.

Sitakudanganya kwamba upotevu unaweza kufika sifuri. Hata Tokyo, wanaosifiwa kuliko wote, bado wanavuja asilimia chache. Kuna tundu ambalo kulitafuta kunagharimu kuliko maji yake.

Habari za kustaafu, dada. Shirika ni la umma, halina wanahisa. Kodi nalipa. Sasa nyongeza hii inaingia mfuko wa nani? Na kwa nini bei ikae miaka bila kuguswa halafu ipande kwa kishindo?
*Mstaafu mwenzako*

Njema kaka, magoti tu ndiyo yanagoma.

Shirika la maji lina mifuko mitatu tu duniani kote: wateja, walipa kodi, na wahisani. Mkopo si mfuko wa nne, mkopo ni wateja wa kesho. Fedha zisipotoka mfuko mmoja zitatoka mwingine, au kazi haitafanyika. Hiyo ya "au" tutaifikia.

Usemavyo kuhusu wanahisa ni kweli na kuna ushahidi wake. Paris ilirudisha huduma ya maji mikononi mwa umma Januari 2010 kutoka kwa kampuni binafsi, na mwaka uliofuata ikashusha bei kwa asilimia 8. Gawio la wanahisa lilikuwa limekoma kutoka. Ila hiyo ni nafuu unayoipata mara moja. Baada ya hapo bomba la umma linazeeka kwa kasi ile ile ya bomba la binafsi.

Kuhusu kodi kulipia kila kitu, Ayalandi wamejaribu kutoka huko wakashindwa. Ankara za maji za majumbani zilianza 2015, watu wakajaa barabarani, na 2016 zikasimamishwa. Gharama ikabaki kwenye bajeti ya serikali. Inawezekana pale ambapo karibu kila nyumba imeunganishwa na serikali ina uwezo. Pale ambapo mtaa mmoja una bomba na mtaa wa pili hauna, maji ya kodi maana yake asiye na bomba anamchangia mwenye bomba, halafu anakwenda kununua dumu kwa mchuuzi kwa bei ya juu kuliko wote. Mimi napendelea kodi ijenge bwawa na mabomba makuu na kuwaunganisha maskini, na ankara igharimie uendeshaji na matengenezo.

Sasa kishindo chako. Nimekiona kikitengenezwa. Inakuja miaka ya uchaguzi, hakuna anayetaka kusaini bei mpya. Uchaguzi ukipita, kuna ukame. Ukame ukipita, kuna uchaguzi mwingine. Tuseme gharama zinapanda kwa asilimia 6 kila mwaka na bei imeganda kwa miaka minane. Siku ya kuigandua, ili kufikia tu pale inapopaswa kuwa, inabidi ipande kwa karibu asilimia 60. Anayesaini siku hiyo ndiye anayetukanwa, na wale waliogandisha wanakumbukwa kama watu wema. Na miaka yote minane shirika halikusimama, liliendelea kutoa maji. Lilipata wapi fedha? Liliacha kubadilisha mabomba. Bomba lisipobadilishwa mwaka huu hakuna anayejua, ndiyo maana ndilo la kwanza kuachwa.

Hapo pana jambo la kihasibu ambalo ningependa kila mstaafu alijue, kwa kuwa sisi ndio tulionufaika. Vitabu vya hesabu huandika bomba kwa bei iliyonunuliwa. Bomba lililolazwa miaka 40 iliyopita lina thamani ya kitabuni ya siku hizo, na uchakavu unakatwa kwa thamani hiyo. Kwa hiyo kwa miaka 40 bei ya maji ilirudisha vijisenti vya zamani, huku bomba jipya litanunuliwa kwa bei ya leo, barabara ya lami juu yake na nyaya za simu pembeni yake. Tulikunywa maji ya bei nafuu kwa sababu hatukuwa tunaweka akiba ya bomba la wajukuu. Isitoshe, miji hulaza mabomba kwa mikupuo, mji ukikua kwa kasi. Hivyo huyazeesha kwa mikupuo vilevile, na mwaka mmoja yote yanaanza kupasuka.

Ongeza masharti ya afya, ambayo hukazwa kila sayansi inapogundua jambo. Mwaka 2024 Marekani iliweka kikomo cha sehemu 4 kwa trilioni kwa aina mbili za kemikali zisizooza, na ikaamuru mabomba ya risasi, ile metali yenye sumu, yaondolewe ndani ya miaka kumi hivi. Hakuna anayetaka kunywa risasi. Lakini amri ikitoka bila fungu, ankara ndiyo inayoilipa.

Na ile "au"? Flint, mji wa jimbo la Michigan, Marekani. Aprili 2014 mji huo, ukiwa umeishiwa fedha kiasi cha kuendeshwa na msimamizi aliyeteuliwa na jimbo, uliacha maji uliyokuwa ukiyanunua Detroit ili kubana matumizi, ukaanza kuvuta maji ya mto wake. Maji yale yalikuwa makali kwa mabomba, na dawa ya kuzuia kutu haikutiwa. Risasi ikayeyuka kutoka mabomba ya zamani ikaingia kwenye vikombe vya watoto. Ulizuka pia ugonjwa wa mapafu wa Legionella, ukaua watu wasiopungua 12. Fidia iliyoidhinishwa mahakamani 2021 ilizidi dola milioni 600, bado mabomba mapya. Sisemi kwamba kila anayepinga nyongeza anaitafuta Flint. Wananchi wa Flint wenyewe walikuwa wakilipa ankara kubwa na hawakuulizwa. Ninasema kwamba mtu akikuahidi maji kwa bei ya chini, muulize ameondoa nini.

Kwa hiyo nyongeza yako inaingia wapi? Katika shirika linaloendeshwa vizuri: umeme, dawa, mishahara, riba, mabomba. Katika lile bovu: humo humo, pamoja na magari mapya ya uongozi. Hesabu zilizokaguliwa ni mali ya umma, kaka. Una muda sasa. Kazisome, anza na ukurasa wa matengenezo, linganisha kilichopangwa na kilichotumika.

Bi Mita, tunaishi wapangaji sita kwenye mita moja. Walisema bei mpya inawalinda maskini kwa sababu uniti za mwanzo ni nafuu. Mbona sisi tunalipa kuliko tajiri wa ghorofani anayeishi na mkewe tu?
*Mpangaji*

Kwa sababu mita haijui kuhesabu watu. Bei ya ngazi hudhani nyuma ya kila mita kuna familia moja. Nyinyi sita mnamaliza uniti nafuu mapema, halafu wote mnahamia ngazi ya juu iliyowekwa kwa ajili ya mwenye bwawa la kuogelea. Mtu na mkewe hawatoki ngazi ya chini, hata wawe matajiri kiasi gani. Kosa hili linajulikana na limeandikwa sana, ila kwenye karatasi bei ya ngazi hupendeza, hivyo inarudi kila mara. Afrika Kusini, iliyoanza kutoa lita 6,000 bure kwa kila kaya kwa mwezi tangu 2001, nayo imepambana na shida hii hii ya kaya nyingi nyuma ya bomba moja.

Fanyeni hivi: andikeni barua ya pamoja, orodhesheni vyumba, ombeni uniti za ngazi ya kwanza zizidishwe kwa idadi ya kaya. Yapo mashirika yanayokubali. Yakikataa, ombeni gharama ya kutenganisha mita, kisha mwenye nyumba na nyinyi mgawane. Mwenye nyumba atasema hana fedha. Mwambieni Bi Mita amesema kodi ya nyumba anaipokea.

Shikamoo bibi. Bei mpya inaanza mwezi ujao lakini ankara yangu tayari imeongezeka maradufu. Wameanza kimyakimya?
*Mwenye wasiwasi*

Marahaba mjukuu wangu. Kabla ya kuwashutumu, soma mstari wa "uniti" kwenye ankara za miezi mitatu. Kama uniti ni zile zile na fedha imepanda, wamebadilisha bei au wamekosea, nenda nazo ofisini. Kama uniti ndizo zimepanda, shida iko upande wako wa mita, au msomaji amekisia. Angalia kama usomaji umeandikwa kuwa ni wa makadirio, na uulinganishe na namba iliyo kwenye mita yenyewe.

Kisha jioni funga bomba zote za nyumba, nenda kwenye mita, angalia kile kigurudumu kidogo kinachozunguka haraka kuliko vyote. Kikizunguka wakati kila kitu kimefungwa, kuna mahali panavuja. Anza na choo, maana ndicho mwizi mkubwa wa majumbani na hana kelele. Weka matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usivute maji, subiri kama robo saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini ya tangi umechoka na hautoshi kuziba. Ubadilishe. Rangi isipoonekana na kigurudumu bado kinazunguka, fuata bomba kutoka mita hadi nyumbani ukitafuta udongo mbichi au majani yaliyostawi bila mvua, na hapo umwite fundi, ikiwezekana yule wa barua ya tatu, maana anaonekana hapendi kuzungushwa.